Majina Yaliyoitwa Ufukweni

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Baba Paroko wetu Padre Raimundi, Kasisi Benjamin pamoja na ndugu zetu Waanglikana mliopanda milima kutoka ziwani, masista, walimu wenzangu, ndugu wageni waalikwa, nanyi wakulima mlioacha kahawa yenu kwenye vichanja ili mfike hapa: wazee wangu, shikamooni, na wote kwa pamoja, Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni Flavia Kapinga, mwalimu wa shule ya msingi kule Mpepai. Kitabu cha sala kinachozinduliwa leo kina jina langu kwenye jalada, nami nimeombwa niseme nilikipataje. Jibu fupi sina, kwa hiyo nitasimulia.

Padre Raimundi ndiye aliyenituma. Aliniambia kwamba waamini wanahitaji sala za kwao wenyewe: ya mtu aliyefiwa, ya mkulima ambaye kahawa yake imekosa bei, ya mama anayesubiri. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Soko huria lilikuwa limeingia, wanunuzi wapya wanapita na magari yao, leo wapo, kesho hawaonekani, na ushirika wa baba zetu unapumua kwa shida. Watu walikuja kanisani wamechoka. Nani asingependa kuwaandikia neno la faraja?

Nikaandika. Nilifunga, nikasali novena kwa siku tisa, nikaomba uvuvio kama mtu anavyoomba mvua. Maneno yalikuja mengi na mazuri, lakini kila nilipoyasoma kwa sauti niliyasikia yamepoa kama ugali wa jana. Mume wangu Stephano, ambaye si msemaji, alisikiliza sala moja akaniuliza, "Hii unamwambia Mungu, au unatuambia sisi?" Nikaikunja karatasi. Ndipo akanishauri nishuke ziwani kwa shangazi yangu Luisa, aliyeolewa katika kijiji cha jirani na Liuli, nikapumzishe kichwa.

Nilishuka likizo ya Desemba. Asubuhi moja binamu yangu Ildefonsi, mtoto wa shangazi, alitoka kwa mtumbwi kwenda kutoa nyavu, akiwa na rafiki yake Cuthbert, mwana pekee wa mjane mmoja aitwaye Mama Eunice. Upepo ukageuka ghafla. Kufika adhuhuri ziwa lote lilikuwa limechafuka, nao hawajarudi. Na upepo ulipotulia, likaja jambo ambalo sisi wa milimani hatujalizoea: wale wadudu wa ziwani, wadogo kuliko mbu, wakainuka juu ya maji kama moshi wa shamba linaloungua, wingu zima, likatembea hadi ufukweni likatufunika. Tulijiziba pua kwa khanga ili tuweze kuvuta pumzi. Wanaume waliokuwa tayari kwenda kuwatafuta wakabaki wameshika makasia, hawajui waelekee wapi.

Shangazi akanigeukia, akasema kwa upole, "Mwanangu, wewe ndiwe unayeandika sala. Tuombee."

Nilifungua mdomo. Nasema kweli mbele yenu, halikutoka neno.

Ndipo Mama Eunice, aliyekuwa amesimama majini hadi magotini, akaita, "Cuthbert." Hakupiga yowe. Aliita kama mama anavyomwita mtoto aje kula. Kisha akasema, "Bwana, ndiye huyo. Unamjua." Akaita tena. Shangazi akalishika jina la Ildefonsi. Wanawake wa kijiji, Wakatoliki na Waanglikana, wakaingia majini wakawa wanayaita majina yale mawili, bila kuongeza ombi lolote. Ndugu zangu, mmewahi kusimama mahali mkajua kwamba mnasikilizwa? Mimi nilijua. Nikaogopa, nikainama nivue viatu, nikakuta sina viatu.

Na kutoka ndani ya lile wingu sauti ikaitika. Ildefonsi akatokea, amelalia mtumbwi uliopinduka, anapiga maji kwa mikono. Alisema baadaye kwamba pwani hakuiona kabisa. Alifuata jina lake. Cuthbert hakuwa naye. Wimbi lilikuwa limewatenganisha mapema.

Sasa sikieni alichofanya shangazi yangu. Alimkumbatia mwanawe, akamkabidhi kwa wanaume, akarudi majini. Akasimama bega kwa bega na Mama Eunice, akaita, "Cuthbert." Na wote wakaliita jina hilo moja, hadi wingu likaondoka, ziwa likaonekana tupu mpaka upeo wa macho. Ziwa halikumrudisha, hadi leo.

Nilirudi Mpepai nikaanza upya. Ndiyo maana kila sala humu ina nafasi iliyoachwa wazi, ili anayesali amtaje mtu wake. Uvuvio ni nini, mimi sijui kueleza. Najua kwamba siku ile Mungu alikuwa karibu nasi kuliko yale maji tuliyosimama ndani yake. Najua kwamba mmoja alirudi na mwingine hakurudi, na yule aliyebaki bila mtoto ndiye aliyetufungulia mlango wa sala. Mbele ya hilo siongezi kitu; nainamisha kichwa.

Kabla ya kwenda kwa mpiga chapa nilishuka tena kumwomba Mama Eunice ruhusa, kwa kuwa sala ya kwanza ni yake. Yupo hapa leo, ameketi pale pembeni ya Sista Restituta. Mama, shikamoo. Nilimsomea sala ile, akaisikiliza hadi mwisho, akasema, "Ndiyo yenyewe. Lakini hiyo Amina iondoe."

Nikamuuliza kwa nini.

Akasema, "Mimi bado naita."

Basi mkifungua ukurasa wa kwanza mtakuta sala imekatika. Mpiga chapa alidhani nimesahau, akataka kuimalizia, nikamkatalia. Nanyi mtakapoisali, nawaomba, iacheni vivyo hivyo. Asanteni kwa kunisikiliza, na asanteni kwa kumpisha mama huyu aendelee kuita.