Mama Pasi Hakumtukana Mtu

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa hospitali yetu. Wakuu wa idara. Ndugu zetu wote:

Karibu! Karibu tena! Mashine mpya imefika, na wewe umefika. Sisi wafuaji na wapiga pasi tuna furaha mpaka msomaji wa risala hii anaruka mistari.

HISTORIA YETU
Tulianza na mashine moja iliyokohoa kuliko wagonjwa. Mfanyakazi mpya huitwa "dada" au "kaka" tu. Siku anapomaliza zamu nzima ya mashuka bila kukimbilia kiti, Mama Pasi, mkubwa wetu, hutangaza: "Huyu sasa ni mlalahoi!" Nasi hushangilia kweli kweli. Huko nje neno hilo ni la mtu asiye na kitu. Humu ndani hupewi mpaka ulitolee jasho.

MAFANIKIO
Umeme ulipokatika tulikamua kwa mikono, wawili wawili, na wodi hazikukosa mashuka. Tunajisifu, ndiyo.

CHANGAMOTO
Joto, sabuni inayochubua vidole na, utuwie radhi Mheshimiwa, wewe kidogo. Ulipita koridoni ukamsikia Mama Pasi akimwambia binti mpya, "Wee mlalahoi, shuka halijikunji lenyewe!" Ukaona mnyonge anatukanwa, ukamsimamisha kazi Mama Pasi. Nia yako ilikuwa njema. Wakubwa wangapi wangesimama kumtetea mfuaji? Lakini binti yule alikuwa anacheka. Siku hiyo ndiyo kwanza alikuwa amelipata jina hilo. Alilia baadaye, Mama Pasi alipovua aproni na kutuambia, "Msimchukie bosi. Alikuwa anatutetea."

MAOMBI
Tuliandika matatu: glavu, feni na Mama Pasi. Glavu na feni tumezifuta, usije ukatupa hizo ukadhani umemaliza.

Haya yanayofuata tumeyaongeza kwa kalamu sasa hivi. Mashine ilipokwama mlangoni asubuhi hii, ulivua koti ukasukuma pamoja nasi mpaka ikaingia. Mtu akapiga kelele dirishani: "Mlalahoi huyo!" Walinzi bado wanamtafuta. Mheshimiwa, hukutukanwa. Aliyekuita hivyo ni Mama Pasi, yuko nje na gauni lake la sikukuu, haruhusiwi kuingia. Tunaomba umfungulie mlango wewe mwenyewe.

Mungu akupe afya na mikono isiyochoka haraka. Na siku mikono hiyo itakapochoka kwa kazi ya haki, usikose mtu wa kukuita hivyo.

Ni sisi,
Walalahoi wa Chumba cha Kufulia.