Maziwa ya Saa Nne

Sikilizeni wanangu, sogeeni karibu maana sauti yangu haivuki tena kitanda hiki. Kabla sijasema la shamba wala la nyumba, fumbeni macho muione ndege kubwa ndani ya karakana kule Dar es Salaam, milango imefungwa ili upepo usiikaushe dawa ya kubandulia rangi tuliyoipaka, na sisi tuko juu ya majukwaa tukingoja rangi kuukuu ijikunje kama utando wa maziwa yaliyochemka, ndipo tuikwangue. Ile dawa huchoma macho na kupanda kichwani, na tukifika kwenye rangi ya chini tunaipiga msasa mpaka kope zetu zinakuwa za njano kwa vumbi lake. Hiyo ndiyo kazi iliyowasomesha.

Kila siku saa nne msimamizi alipita na kreti la maziwa. "Kunyweni, wazee, yasafishe kifua!" Nasi tulikunywa tukicheka, Gasper akiimaliza pakiti yake na kuomba ya mwenzake, eti kifua chake ni kipana. Tulipoulizia barakoa, tuliambiwa zimeagizwa. Gasper alitangulia kaburini, akikohoa, mwenzetu Raphaeli akafuata. Mimi nilirudi hapa kijijini Mpemba, na kwa kiinua mgongo nikanunua ng'ombe, si kwa biashara, bali nisikose maziwa ya kifua. Majirani walinitania, "Efraimu, umezisugua ndege maisha yako yote, umewahi kupanda hata moja?" Sijapanda.

Hospitali waliniuliza kama navuta sigara. Kazini walisema hakuna awezaye kuthibitisha kuwa ni ile dawa. Nesi Judith peke yake alichukua kalamu akanichorea shingo ya mtu yenye mirija miwili, mmoja wa chakula, mmoja wa hewa, akasema, "Babu, maziwa yalipita huku. Ile dawa uliivuta huku. Havikukutana." Nikakaa nikiitazama ile picha kama mtoto wa darasa la kwanza.

Asajile, shamba la kahawa la Itaka ni lako na Violet, mgawane mavuno, wala usimburuze dada yako barazani kwa sababu ya mpaka. Mimi na baba yenu mdogo Edson tulinuniana kwa ajili ya mpaka huohuo hadi tukamzika mama yetu bila kusalimiana. Akija kunizika, mpeni kiti cha mbele. Nyumba hii ni ya mama yenu, na mtu asimhamishe humu.

Ketrina, kitindamimba wangu. Kesho unapanda basi kwenda kuanza kazi kwenye karakana ileile. Nimetafuta maneno ya kukuzuia nikayakosa, kwa sababu kila neno lilinirudia na swali: abaki hapa ale nini? Umezungusha vyeti vyako mpaka wilayani Chitete, umeuza vitenge hapo mpakani mwa nchi mpaka mtaji umekatika. Mimi ni baba yako na sina pengine pa kukupeleka. Asubuhi nilimsikia mama yako akikuasa, "Wakikupa maziwa, usiyaache," nikataka kuinuka niseme, kifua kikanikaba.

Basi yule ng'ombe auzwe leo, hata kwa hasara. Asajile, usibishe. Ketrina anunuliwe barakoa ya kazi, ile yenye vichujio vya kemikali, na glavu nzito, maana kitambaa hakizuii kitu. Najua vichujio huchakaa, na sijui nani atamnunulia vingine. Najua watamcheka, huenda hata wakamwambia aivue. Sitakuwepo. Na hata ningekuwepo, mwanangu, ningefanya nini?

Nipeni maji... hapana, si maziwa. Mama Asajile, usilie. Nishike hapa.

Nizikeni bila makuu. Violet, uimbishe wewe, sauti yako haitetemeki. Mungu awafunike wote... awape pumzi ndefu, ninyi na watakaozaliwa kwenu... pumzi ndefu.

Ketrina, uko wapi? Karibia. Wakikupa maziwa, kunywa, ni chakula hicho... Ila ile mirija miwili, mama... nakuomba... uikumbuke.