Tunaandika Jumamosi, Njoo na Kitambulisho

Habari ya Jumamosi, ndugu zangu. Mwalimu wetu amenipa dakika tano, na nyinyi mnajua mimi ni wa shule ya usiku. Kule tulizoea kuongea mpaka mtu azime taa.

Nilipoanza kuja chumba hiki cha maktaba kuandika kurasa za Kiswahili za hii kamusi elezo ya mtandaoni, tulikuwa wengi hata viti vilikuwa vinaomba likizo. Mimi, fundi wa mifereji kutoka mtaa wa Satellite, niko katikati ya wanachuo, naandika habari za soko la Dagoretti na dunia nzima inasoma. Nilikuwa naenda Kilimani kwa matajiri kutengeneza masinki, natembea kama balozi.

Halafu watu wakaanza kupungua. Mmoja alipata kazi, mwingine alipata mtoto. Mwingine akaniambia, "Mzee, siku hizi unauliza simu na inakujibu. Sisi tunaandika ya nini?" Jumamosi moja nikafungua ukurasa wangu wa Dagoretti, nikakuta umebandikwa maneno juu: "Umependekezwa kufutwa."

Ndugu zangu, nawaambia, nilifika nyumbani kama maiti iliyopanda ngazi yenyewe.

"Nimefutwa," nikamwambia mke wangu.

"Umefutwa kazi? Ile ya masinki?"

"Ile ya Jumamosi."

Akaniangalia. "Baba watoto, kwani hiyo walikuwa wamekuandika kazi?"

Nikakaa nyumbani miezi, nimenuna. Siku moja mwalimu akanipigia.

"Mbona umepotea?"

"Si mlinifuta."

"Nani amekufuta wewe? Ni ukurasa. Hukuonyesha habari umetoa wapi. Weka hata gazeti moja hapo chini utabaki. Na uje haraka, maktaba wanataka chumba chao. Wanasema mtu mmoja hahitaji chumba, anahitaji kiti."

Nilimkuta peke yake na thamosi ya chai ya watu ishirini. Nikaona hapana, chumba hiki hakiendi.

Jumapili, wakati wa matangazo kanisani, nikasimama. "Wapendwa, kila Jumamosi tunaandika. Mjini, maktaba, ghorofa ya pili. Hata kama hukusoma, njoo. Usisahau kitambulisho, mlinzi atauliza." Sijawahi kusikilizwa hivyo. Hata waliolala waliamka, na mmoja aliniomba nirudie ghorofa.

Jumamosi hiyo laini ya watu ilitoka mlangoni hapo, ikashuka ngazi, ungedhani inaenda mpaka Mombasa. Vyeti kwenye bahasha za kaki. Wanaume wa kazi za mjengo na gambuti zao za mpira miguuni. Mama mmoja wa mbele akaniuliza, "Mnaandika wangapi?"

"Wote," nikasema kwa furaha.

Watu wakapiga makofi.

"Na mnalipa kila siku ama mwisho wa mwezi?"

Hapo ndipo nilielewa nilichotangaza.

Mnacheka, nyinyi mliokuwa kwa hiyo laini. Mimi nilikuwa napima dirisha la choo kama naweza kupita nitoroke. Mwalimu akapanda kiti akasema ukweli: hapa hakuna kazi ya mshahara, kuna chai na kuna kuandika. Wengi waliondoka, na walivyoniita sitarudia mbele ya watu wa kanisa. Lakini yule mama alibaki.

"Nauli nimeshatumia," akasema. "Hiyo chai iko wapi?"

Alipokuwa anakunywa akasoma ukurasa wa mboga za managu, akaguna. "Nani aliandika hii? Hakuna mahali imesema zikishaiva zinalazwa na maziwa usiku mzima. Ndiyo maana nikiuliza simu inanipa upuuzi, kumbe inasoma kwa watu kama nyinyi." Akavuta kiti. "Sogea."

Mtu wa gambuti naye akauliza kama milima ya kwao Ukambani imeandikwa. Haikuwa. Akakaa.

Leo nimekosa kiti, nimesimama kuongea na nimesimama kusikiliza. Ukurasa wa Dagoretti uko, gazeti liko chini yake. Nashukuru mwalimu aliyechemsha chai ya watu ambao hawakuwa wanakuja. Nashukuru mama wa managu. Mlinzi pia, aliyeandika majina ya laini yote bila kutukana. Na ninawaomba: ukimwalika mtu, mwambie mapema hakuna mshahara, halafu mpe chai haraka kabla hajageuka.

Asubuhi mke wangu aliniona na shati jipya, akauliza naenda wapi. Nikamwambia, kazini. Akasema, "Ngoja nivae, na mimi wakaniandike." Ndiye huyo karibu na mlango, ananionyesha saa.