Jina Tupu Katika Kipindi cha Pili

Benchi letu liko mbele ya lililokuwa duka la mchele, mtaa wa maduka nyuma ya stesheni ya Takaoka, na ubavuni mwake kuna mashine ya vinywaji ambayo Oktoba ikiingia hubandikwa vibandiko vyekundu chini ya makopo ya kahawa, kwamba sasa ni ya moto. Jumapili saa tatu na robo asubuhi, katuni ikishaisha, tunakutana hapo wanne. Kuna Kipara, kinyozi ambaye kichwa chake mwenyewe hakina cha kunyoa. Kuna Posta, aliyegawa barua katika mtaa huu miaka thelathini na sita. Kuna dada yangu Fusae, muuza achari za figili na matango, anayeitwa Bi Achari, ingawa si figili peke yake iliyompa jina hilo. Na mimi, mdogo wake, naitwa Daftari kwa sababu naandika mambo ya ukoo: nani kazaliwa lini, nani kafa saa ngapi, nani kasema nini msibani. Katuni iliingia humo kwa sababu Honoka, mjukuu wa Dada, ameitazama na bibi yake kila Jumapili tangu akiwa na miaka mitano, na sasa ana kumi. Ni hadithi ya kijana Hayate na Tsuyu, mwanamke mwenye upanga, wanaolinda kengele juu ya mlima. Tsuyu aliuawa mwisho wa msimu wa tatu. Msimu wa nne ulipoanza, nafasi yake ilichukuliwa na msichana anayeitwa Rinka.

Jumapili hiyo, tarehe 13 Oktoba, nilipotoka nyumbani saa tatu kasoro dakika kumi kwenda kununua gazeti, Dada alikuwa tayari ameketi kwenye benchi. Katuni ilikuwa bado haijaisha. Kwa miaka mitano hajawahi kuinuka kabla ya wimbo wa mwisho. Sikumuuliza. Niliketi, tukawangoja wenzetu, na walipotokea hakuwapa hata nafasi ya kusalimia.

— Mmemsikia?

— Nani tena? — Kipara alikuwa anapekua mifuko akitafuta sarafu za mashine.

— Rinka! Kamwita "Hayate".

— Si ndilo jina lake?

— Hayate tupu! Bila "Bwana", bila "kaka", bila hata kukohoa kwanza! Kipindi cha pili tu! Mtu umekuja juzi, viatu vyako bado vina matope ya kwenu, unamwita mwanamume wa watu jina tupu?

— Mh, hapo kakosea — alisema Posta. — Tsuyu ilimchukua muda gani? Daftari, hebu fungua.

Nilifungua. Daftari la kumi na nane, ukurasa wenye alama ya chai.

— Vipindi thelathini na nane — nilisema. — Ni siku ile ya theluji, alipokuwa anamfunga jeraha. Kabla ya hapo alimwita Bwana Hayate.

— Thelathini na nane! — Dada aligeuka huku na huku kama mtu aliyeshinda kesi. — Mimi na Honoka tulilia siku ile. Tulilia mpaka wali ukapoa. Sasa huyu anakuja na meno yake hayo, anachukua bure!

Kipara alimletea kopo la kahawa, akajifungulia la kwake.

— Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu kapewa upanga siku ya kwanza.

— Methali hiyo ni ya kumfanyisha mgeni kazi, Kipara, si ya kumfukuza.

— Bi Achari, mimi methali nazitumia kama wembe. Popote penye kichwa.

Posta alikuwa amekunja uso. Akikunja uso hivyo, nadharia iko njiani.

— Niwaambie kitu mimi. Yule msichana ni jasusi wa watu wa bondeni, wale wanaoitaka kengele.

— Ushahidi?

— Vipindi viwili, hajapata barua hata moja! Tsuyu alikuwa anapata barua kwa mama yake kila msimu. Hayate anapata kwa mwalimu wake. Hata yule mpishi mwenye jicho moja aliwahi kupata kadi ya mwaka mpya. Rinka? Hakuna. Mtu asiyeandikiwa na mtu duniani, jiulize kwa nini. Mimi miaka thelathini na sita nimebeba mabegi. Nyumba isiyopata barua ina jambo.

— Au ina simu — nilisema.

— Mlimani pale kuna simu, Daftari? Wana upanga na kengele, simu itoke wapi?

— Kikulacho ki nguoni mwako — alisema Kipara kwa sauti nzito, akavuta kahawa. — Lakini Posta, umeangalia barua, hukuangalia nywele. Mimi nimeangalia nywele.

— Haya sasa. Kinyozi kaanza.

— Cheka tu. Kila binadamu ana kizungusho utosini, pale nywele zinapoanzia. Wengine kinazunguka kulia, wengine kushoto. Hakibadiliki mpaka unazikwa. Tsuyu chake kilikuwa kushoto. Na Rinka, leo alipoinama kuchota maji, nimekiona: kushoto! Rangi tu ndiyo imebadilishwa. Bwana weee, yule ni Tsuyu! Karudi!

— Acha uongo!

— Nakuapia mkasi wangu. Kafa, kafufuka, kapaka nywele rangi. Mbuyu ulianza kama mchicha.

— Mchicha umeingiaje hapo?

— Nywele huota, au hazioti?

Posta alipiga goti kwa furaha. Hakutaka kuachwa nyuma.

— Ngoja, ngoja. Kama Tsuyu karudi, basi maiti haikuwa maiti. Kumbukeni, hatukuonyeshwa kaburi! Tulionyeshwa kengele. Tsuyu yumo ndani ya kengele! Wamemfungia humo. Ndiyo maana msimu huu haijalia hata mara moja. Ulimi wa kengele ni yeye!

— Na Rinka je?

— Kivuli chake. Kimetoroka.

— Vivuli vinapakwa rangi ya nywele?

— Kwa kinyozi mbaya, ndiyo.

Walicheka wote wawili. Dada hakucheka. Alikuwa ameshika kopo lake kwa mikono miwili bila kulifungua.

— Ninyi mnacheza — alisema. — Tsuyu hakurudi. Waliokufa hawarudi kwa kupaka nywele. Mimi nawauliza swali moja tu: nani kafaidika? Tsuyu kafa, nani kapata? Kapata moto wake. Kapata bakuli lake. Kapata upande wake wa meza. Anajifanya mpole, anainamisha kichwa, "samahani, samahani", kumbe macho yako kwenye mto wa watu...

— Mto gani? — aliuliza Kipara.

— Mto wa kukalia. Ule wa zambarau.

Kipara alimtazama Posta. Posta alitazama gurudumu la baiskeli yake.

— Bi Achari — Kipara alisema polepole — kule mlimani wanakalia magogo.

Lori la mkate lilipita, nasi tukalitazama wote kama hatujawahi kuona lori.

Naujua mto wa zambarau. Ulikuwa wa Chinami, mke wa kwanza wa mpwa wangu Yoshiki na mama wa Honoka. Chinami alifariki miaka mitatu iliyopita, tarehe 22 Machi, saa kumi na moja alfajiri, na tangu siku hiyo mto wake ulikaa kwenye upande wake wa meza bila mtu kuukalia. Dada aliufuta vumbi kila Jumamosi. Juni mwaka huu Yoshiki alioa tena, akamleta Yukari, na Yukari akawa anakalia mkeka.

— Kaukalia leo? — nilimuuliza Dada.

— Leo. Wakati katuni inaendelea.

— Kauchukua mwenyewe?

Alikwaruza kopo kwa ukucha.

— Nimekuuliza, Dada.

— Honoka kampa! — alisema, sauti ikampanda. — Honoka kauvuta kwa mikono yake, akamwambia, "kalia huu, mkeka una baridi." Halafu wakajifunika blanketi moja. Halafu Rinka akasema lile jina tupu, mimi nikasema, "mwone huyo asiye na adabu." Na Honoka, Honoka wangu, akanijibu, "Mimi nampenda tu, bibi. Anajitahidi."

Posta alivua kofia yake akaivaa tena.

— Miaka mitano — Dada aliendelea. — Jumapili mia mbili na ngapi sijui...

— Mia mbili na arobaini na moja — nilisema. — Tukiondoa siku za mafua.

— Unaona? Mia mbili na arobaini na moja, mimi na yeye. Huyu kaja na Jumapili mbili, kakaa katikati. Na hajui chochote! Kauliza, "Huyu mwenye jicho moja ni nani?" Mpishi! Hamjui hata mpishi! Na mtoto anamweleza, ana furaha kweli, anamweleza kila kitu kuanzia mwanzo, mimi nimekaa pale kama kabati.

— Usiache mbachao kwa msala upitao — alisema Posta kwa huruma, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile methali ilifika penyewe.

Ningeweza kunyamaza. Kazi yangu ni kuandika, si kusema. Lakini daftari lilikuwa wazi mapajani, na nilikuwa nimepekua nyuma kutafuta msimu wa kwanza.

— Dada, nikusomee kitu?

— Kama ni tarehe, sitaki.

— Ni maneno yako. Msimu wa kwanza, kipindi cha tatu, benchi hili hili. "Fusae anasema huyo Tsuyu ana sauti ya kikaango kikavu na hajui kushika upanga. Anasema afadhali wangemwacha Hayate peke yake."

Kipara alipaliwa na kahawa.

— Kikaango kikavu! Bi Achari! Ulisema hivyo kuhusu Tsuyu?

— Sikusema.

— Daftari haliongopi, mama.

— Daftari linaandikwa na mdogo wangu, ambaye akiwa na miaka sita aliandika kwamba mimi ndiye niliyevunja taa ya baba.

— Wewe ndiye uliyeivunja — nilisema.

— Ndiyo nasema!

Alicheka kidogo, akaacha. Nami niliacha kusoma, maana nyumbani, katika daftari la kumi na tano, kuna ukurasa wa miaka kumi na miwili iliyopita ambao naujua kwa moyo. Aprili tarehe 9: Fusae anasema mke wa Yoshiki, Chinami, hajui hata kukata figili, na anakohoa kama anabisha hodi. Kisha karibu miaka miwili ya kurasa, na Chinami anamwita mkwewe "Bi Fusae", kwa adabu, kwa mbali. Kisha Februari tarehe 3, siku ya kurusha maharagwe kufukuza mashetani, mlango uko wazi, baridi inaingia, Chinami anapiga kelele kutoka jikoni, "Mama, funga mlango!" Dada aliangusha kisanduku cha maharagwe. Tuliyaokota mpaka usiku. Niliandika idadi ya waliokuwepo: saba.

Hayo sikuyasoma. Dada alinitazama, na nadhani aliyajua bila kusomewa.

— Funga hilo daftari lako.

Nilifunga.

Kipara alinyanyuka kwenda kujinunulia kopo la pili. Ndipo tulipomwona Yukari anakuja kutoka upande wa duka la achari, anatembea haraka bila kukimbia, na skafu ya kijivu ya Dada mkononi. Ni mwanamke mrefu wa miaka thelathini na tano, na akifika mbele ya watu hujikunja kidogo, kama anayeingia mlango mfupi.

— Samahani — alisema.

Niliwahi kulitambua jambo hili na kuliandika mwezi Agosti: kila sentensi ya Yukari kwa Dada huanza na "samahani". Anaitumia mahali ambapo mtu mwingine angeweka jina.

— Samahani, umesahau skafu. Kuna upepo.

Dada alipokea. Hakuvaa, aliikunja mapajani.

— Asante. Katuni imeisha?

— Haijaisha. Honoka ameisimamisha ulipotoka. Picha imeganda pale pale, Rinka ana ndoo mkononi. Amesema hamalizii bila wewe.

Dada aliitazama skafu. Niliona kidole gumba chake kinatembea juu ya upindo, huku na huku.

— Ana kiherehere huyo mtoto — alisema.

— Kuna jingine — Yukari alisema, akatutazama sisi wanaume, akasita, halafu akaamua liwalo na liwe. — Tulipokuwa tunangoja, Honoka ameniuliza. Amesema, "Tsuyu alimwita Bwana Hayate vipindi thelathini na nane. Rinka kamwita jina tupu. Na wewe, bibi unamwitaje?" Nikakosa la kumjibu. Nikagundua tangu Juni sijakuita.

Mashine ya vinywaji ilikoroma.

— Kwa hiyo nimekuja kuuliza. Mimi nikuiteje? Naweza kungoja, hata vipindi thelathini na nane, hata mia. Ila nataka kujua ni neno gani ninalolingojea.

Posta, aliyejua majina ya kila mlango wa mtaa huu, alitazama chini. Kipara alikuwa amesimama mbele ya mashine akiwa na sarafu mkononi, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na methali, hata ya uongo. Mimi nina madaftari kumi na nane, na hakuna ukurasa wenye jibu hilo, kwa sababu jibu halikuwa letu.



— Kahawa ya moto imeisha — Kipara alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. Taa nyekundu ilikuwa imewaka juu ya kitufe.

Dada alilitazama kopo lake, lile alilolishika asubuhi nzima bila kulifungua. Sijui lilikuwa limebaki na joto kiasi gani. Alilishika kwa muda, akaliweka kwenye benchi, kati yake na mahali ambapo Yukari alikuwa amesimama. Hakusema lichukue, na Yukari hakulichukua.

Nilitoa kalamu. Niliandika: Oktoba tarehe 13, Jumapili, saa nne kasorobo, benchini. Kisha nikaacha mstari wote uliofuata wazi.

Dada alinyoosha shingo, akachungulia, akaiona nafasi ile. Nilingoja aniambie nilifunge daftari. Hakuniambia.