Gonga Chuma Kwanza

Wasikilizaji wapendwa, tukae kidogo na fundi wa kuchomelea aliyezikwa juzi. Mtaani walimwita Greda, na jina lilimkaa. Geti la chuma ambalo wenzake wawili walilibeba wakihema, yeye alilitia begani huku anapiga soga.

Ila Greda alikuwa na sharti moja pale karakanani. Usimjie kwa nyuma. Ukimtaka, gonga chuma kwanza, ageuke. Wenzake walifanya mzaha, wakawa wanagonga na kupiga hodi kama wako mlangoni kwa mheshimiwa. Greda alicheka nao.

Mkewe ndiye aliyejua sababu. Ametuomba tuseme, kwa kuwa marehemu mwenyewe alitaka jambo hili lisemwe. Greda alibakwa. Narudia, wasikilizaji: mwanamume yule, mwenye mabega yale, alibakwa. Alikuwa kijana, ndiyo kwanza anaanza kazi. Aliyemfanyia ni bosi wake, mwanamume mfupi, mwembamba, mwenye mke na watoto. Alimjia kwa nyuma, Greda akiwa bado na kofia ya kuchomelea usoni.

Greda alimwambia kaka yake. Kaka akacheka. Akasema kibao kimoja tu kingemlaza yule bosi, kwa hiyo labda mdogo wake alitaka mwenyewe. Hapo Greda akafunga mdomo mpaka alipooa.

"Alikuwa akiniuliza, mama watoto, mbona sikupigana?" anasimulia mjane. "Namwambia, mwili uliganda, baba. Hata mimi nikimwona nyoka naganda. Kuganda si kukubali."

Wapo wanaosema mwenye nguvu habakwi. Mimi maneno hayo yananichefua.

Mapafu yalimsumbua Greda muda mrefu, mwisho yakamshinda. Siku ya mazishi mjane alisimama akayasema yote mbele ya watu. Mafundi wenzake waliinamisha vichwa. Wakati wa kubeba jeneza ulipofika, mmoja wao alikunja kidole, akagonga ubao taratibu. Ndipo wakainua.

Kaka mtu tulimkuta amekaa peke yake. "Namwamini mdogo wangu," alituambia. "Sasa nitamwambia nani?"

Pole sana, mama. Poleni, watoto. Nawe kaka, pole. Na wewe unayenisikiliza, kama mwanamume aliwahi kukuambia neno kama hili ukamcheka, na bado yu hai, zima redio. Nenda kwake.