Hereni za Sakitu: Maneno ya Mwalimu Uulkan Siku ya Kuagwa

Mheshimiwa Naibu Gavana wa mkoa wetu wa Naryn, Ndugu Mkurugenzi wa chuo, wazee wetu wenye ndevu nyeupe mliokaa karibu na jiko kama mnavyostahili, walimu wenzangu, wanafunzi, akina mama wa soko la juu mliofunga vibanda vyenu ili mje kuniaga, na wewe mgeni ambaye jina lako sikulipata mlangoni: nawaamkia nyote, na niliyemruka anisamehe, maana leo kichwa changu hakijatulia.

Niliandaa hotuba nyingine. Iko hapa mfukoni, kurasa tatu, binti wa dada yangu kaipiga chapa vizuri sana. Nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili sikumtambua mwanamke anayesifiwa ndani yake. Kwa hiyo nimeikunja. Nitawaeleza jambo lililotokea, kama lilivyotokea, ingawa ziko sehemu zake ambazo mimi mwenyewe mpaka leo sizielewi.

Nimefundisha usonara hapa miaka thelathini na mitatu. Walionizoea wanajua kwamba kwa miaka mingi nilikuwa watu wawili. Kiangazi nilikuwa Uulkan wa hereni, bangili na vilemba vya rangi. Theluji ya kwanza ikianguka, navua kila kitu, naingia katika koti langu jeusi, na sitoki humo hadi mwezi wa tatu. Wanafunzi waliniita Makaa. Mlidhani sijui? Nilijua.

Sababu nayo mnaijua. Mume wangu Turdakun alikuwa daktari wa mifugo. Mwezi wa kwanza, miaka kumi na tisa iliyopita, aliitwa ng'ambo ya mlima kutazama farasi waliokuwa wakiharibu mimba, na theluji ikaporomoka juu ya gari lake. Tulimpata siku ya nne. Tangu hapo niliona kwamba mwanamke anayejipamba katika mwezi ule ni kama anayecheza ngoma juu ya kaburi. Nikaifanya kuwa sheria ya karakana yangu: majira ya baridi tunarekebisha vilivyovunjika, hatutengenezi kipya. Ua, pembe ya kondoo dume, jani, vyote ni vitu vya malisho ya kiangazi, navyo vingojee kiangazi. Nani angebishana na mjane?

Miaka minane iliyopita alikuja mmoja wa kubishana. Alitoka kijiji cha mwisho kabisa kule juu, binti wa mfugaji, miaka kumi na tisa, jina lake Kanyshay. Alikuja amevaa koti kuukuu la kaka yake, limepwaya mabegani, lakini shingoni kalishonea ukosi wa sufu nyekundu iliyokandwa, nyekundu ambayo uliiona kabla hujamwona mwenyewe. Masikioni alining'iniza vipande vya pembe alivyovichonga kwa kisu. Nilimwambia hapa si harusini. Akasema ndiyo, eje, kwa heshima ya dada mkubwa, kisha akabaki vilevile.

Kila asubuhi, kabla jiko halijashika moto, alisimama dirishani na karatasi, ananakili sakitu, ule umande ulioganda na kujichora juu ya kioo. Wenzake walimcheka. Mmoja akasema, "Mwacheni, anatafuta mchumba ndani ya friji." Mimi nilimwendea na kumuuliza anafanya nini.

"Nanakili, eje. Kesho litakuja umbo jingine."

"Hiyo ni baridi tu. Baridi haichorwi."

"Mbona ua linachorwa, eje, na lenyewe linakufa?"

Nikamtuma akachukue makaa.

Nyumbani nilikuwa naishi na mama mkwe wangu, Apa Sayrakan. Alikuwa na miaka themanini na minne, na kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kumtoka. Siku moja mimi ni dada yake, siku nyingine ni muuguzi, siku nyingine ni mtu aliyekuja kununua ng'ombe. Wanafunzi wangu walikuja kwa zamu kukaa naye nikiwa kazini, na zamu ya Kanyshay ilikuwa Alhamisi. Kitanda cha Apa kilikuwa chini ya dirisha la jikoni. Nikirudi niliwakuta wawili hao wametulia, wanatazama kioo kama watu wanaotazama televisheni.

Mwezi wa kumi na mbili nilifungua sanduku la mablanketi kutafuta shuka, nikakuta bangili yangu ya harusi niliyoiweka humo haipo. Bangili ile ilitengenezwa na babu yake Turdakun kwa mkono wake, na ndani aligonga alama yake, mguu wa kwale. Nilitoa kila kitu kwenye sanduku, nikakirudisha, nikakitoa tena. Wiki mbili baadaye, karakanani, nilipita nyuma ya meza ya Kanyshay, na katika vipande vya fedha alivyokuwa akivipiga tupa nikauona mguu wa kwale umekatwa nusu.

Nilimuuliza ameipata wapi. Hakusita hata kidogo.

"Nimepewa na Apa, eje. Ameniagiza kazi. Kasema nisimwambie mtu."

Ndugu zangu, niambieni, mngeamini? Bibi asiyejua kama amekula, ameagiza kazi ya usonara? Hata hivyo niliuliza. Nilikwenda nyumbani, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamuuliza Apa kama alimpa mtu bangili. Akacheka. Akasema yeye ni mtoto wa mchungaji maskini, bangili angeitoa wapi.

Basi nikaridhika kwamba nimetafuta ukweli. Nikaandika barua kwa aliyekuwa mkurugenzi wakati ule, nikatumia neno moja ambalo ukishaliandika halifutiki. Wizi. Vipande vya bangili sikuvidai, sikutaka tena kuviona, na katikati ya mwezi wa kwanza Kanyshay alifukuzwa chuo. Aliondoka na lori la maziwa, na ukosi wake mwekundu, na mabinti wote wakiwa dirishani, na mimi nikijifanya natafuta koleo.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapopotea kila ninapojaribu kuelewa.

Mwezi wa tatu, asubuhi moja yenye jua kali juu ya theluji, Apa aliniita. Sauti yake ilikuwa safi, sauti ya zamani, ile aliyokuwa akinitumia kuniamsha nikakamue ng'ombe nilipokuwa bibi harusi. Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa leso iliyofungwa fundo, akanipa. Ndani mlikuwa na hereni mbili. Visahani vyembamba vya fedha, na juu yake sakitu: matawi, manyoya, vile visindano vinavyoota pembeni mwa kioo. Chini ya kila kisahani kishada cha sufu nyeupe, chepesi hata hakina uzito. Niliitambua michoro ile. Ilikuwa ya dirisha la jikoni mwangu, ambalo kwa miaka kumi na moja nilikuwa nikilipangusa kwa kitambaa kila asubuhi bila kulitazama.

Apa akasema, "Mpelekee mkwe wangu. Baridi ikiingia, yeye hainui uso."

Nikamuuliza, "Mkwe yupi, Apa?"

"Yule wa Turdakun."

"Ndiye mimi, Apa. Mimi ni Uulkan."

Akanitazama kwa muda mrefu, kwa huruma, kama mtu anayetazama mgeni aliyekosea nyumba. "Wewe siye," akasema. "Yule bado msichana." Akageukia dirisha.

Siku kumi na moja baadaye alifariki. Hakusema tena habari hiyo.

Je, zawadi ile ilikuwa yangu? Aliyeagizwa kuipokea ni msichana wa miaka ishirini na miwili aliyeingia nyumba ile na kucheka sana, na msichana huyo mimi sijui yuko wapi. Je, Apa alijua alichokuwa akifanya alipotoa bangili sandukuni, au mkono wake tu ndio uliokumbuka? Nimejiuliza nikiwa kazini, nikiwa sokoni, nikiwa juu ya kaburi lake. Sijui.

Lakini jambo moja nililijua siku ileile ya leso. Jirani yangu aliniambia kwamba Kanyshay, asubuhi ile ya lori, alisimamisha dereva mbele ya nyumba yangu, akaingia kwa dakika mbili, akatoka. Alikwenda kuikabidhi kazi kwa aliyeiagiza. Amefukuzwa, ameitwa mwizi mbele ya wenzake, na bado hakuondoka mjini kabla hajakamilisha agizo la mwanamke mzee ambaye hata asingekumbuka kumdai.

Nikaandika barua ya pili. Nataka mjue barua ile ilisema nini, kwa sababu niliiandika kwa ustadi mkubwa. Ilisema kumetokea kutoelewana kuhusu vifaa, na kwamba chuo kimpokee tena. Kutoelewana! Kana kwamba wawili tulikuwa tumekosana saa ya kukutana. Kanyshay alirudi mwezi wa tisa. Akaketi meza yake ileile. Nikamsalimu, akanisalimu. Nikamfundisha kulehemu uzi mwembamba wa fedha, akajifunza haraka kuliko nilivyojifunza mimi. Kwa nini alirudi kwangu, wakati Bishkek kuna walimu bora zaidi? Sikumuuliza, naye hakunieleza.

Theluji ya kwanza ya mwaka ule nilivaa koti jeusi, kisha nikavaa hereni zile. Nilikwenda sokoni kununua vitunguu. Mwuza nyama akaacha shoka juu ya gogo na kunitazama. Akina mama, ninyi mliopo hapa ni mashahidi, mlinizingira mkaziinua kwa vidole, mkauliza zimetoka wapi na kama mtapata. Mmoja wenu akasema, "Uulkan, kumbe una shingo." Nikacheka, katika mwezi wa kumi na moja, barabarani. Kisha nikaona aibu, nikafikiri Turdakun ananisikia chini ya theluji yake. Halafu nikageuka, nikaona matawi ya mierebi ya mto yamevaa sakitu kuanzia chini mpaka juu, yanang'aa, na moyo wangu ukaruka kwa furaha kabla sijauzuia.

Wazee wangu, hili naomba mnisaidie. Mtu anaruhusiwa kupenda kitu kilichomuulia mumewe? Nimeishi na swali hilo miaka saba. Asubuhi navaa ukosi wa bluu alionishonea mwanafunzi, natia bangili mpya, natoka nje, naiona dunia nyeupe na nzuri kupita kiasi, na papo hapo namlilia Turdakun. Vyote viwili kwa pamoja. Nilidhani kimoja kitashinda, lakini hakuna kilichoshinda.

Kutokana na hereni zile yalikuja maonyesho haya ya mavazi na mapambo ya baridi, ambayo leo yanafanyika kwa mara ya saba, na wanafunzi watapita mbele yenu wakiwa wamevaa makoti waliyoyashona na fedha waliyoifua wenyewe. Na asubuhi ya leo Mheshimiwa amenikabidhi cheti kilichoandikwa kwamba mimi ndiye mwanzilishi wa sanaa hii. Mheshimiwa, nakushukuru kwa heshima, lakini kimeandikwa jina lisilo la anayestahili. Mimi ndiye niliyeipiga marufuku.

Kanyshay, ambaye sasa nawe ni mwalimu, najua umekaa safu ya nyuma na wanafunzi wako. Usiinamishe kichwa, mwanangu. Mbele ya mkoa mzima nasema hivi: ulisema kweli, nami nikakuita mwizi. Nilipoujua ukweli, niliuzungushia maneno laini ili nisionekane mdogo, na nimekaa kimya miaka minane nikila sifa za mikono yako. Huko hakukuwa kutoelewana. Lilikuwa kosa langu. Nisamehe, ukiweza. Usipoweza, sitakulaumu.

Sikuandaa maneno zaidi ya haya. Nawashukuru walimu wenzangu, nawashukuru wote mliovumilia ukali wangu, na Mungu awape amani mliokuja kwa miguu katika baridi hii.

Naona Kanyshay amesimama. Anapita kati ya viti. Jukwaa na mlango wa kutokea viko upande mmoja, sasa sijui anakuja kwangu au anatoka nje. Mpisheni njia, tafadhali, vyovyote iwavyo. Nimemaliza, ahsanteni kwa masikio yenu.