Sweta Zilizowanenepesha Watoto wa Nkubu

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Celina Karwirwa, afisa wetu wa takwimu, anastaafu baada ya kuutumikia Mradi wa Toto Imara kwa miaka ishirini na tisa. Alikuja kutoka Nkubu akiwa mwalimu wa hesabu aliyechoshwa na chaki, na kikokotoo cha kuazima mkobani. Anaondoka akiwa nyanya wa watu, na kikokotoo kile hajakirudisha.

Kamati ya sherehe imenipa mimi, Njeru wa stoo, kazi ya kuandika wasifu huu. Nasikia walioombwa kabla yangu walikataa kwa kuhofia kwamba ataukagua. Ataukagua tu. Lakini mimi ni Mmbeere wa Kiritiri, na huko kwetu ukame umetuzoesha mambo magumu.

Kwa wageni wasiotujua, mradi wetu huwapa unga wa uji watoto wa chini ya miaka mitano kutoka nyumba zenye shida, kule juu Nkubu na kule chini kuanzia Kiritiri hadi Kiambere. Kila mwezi watoto hupimwa uzito, na Madam, kama tunavyomwita ofisini, huzitazama kilo hizo atuambie kama uji unasaidia au tunajipikia matumaini tu. Kabla hajaja, mafanikio ya mradi yalipimwa kwa nguvu ya vigelegele siku wafadhili wanapotembelea.

Madam haamini neno "wengi". Ukimwambia watu wengi wamekuja, atakuuliza ni wangapi, nani aliwahesabu, na kama mhesabuji alijihesabu mwenyewe. Aliwahi kumuuliza mchungaji wake, watu wakiwa bado wamesimama nje ya kanisa, kati ya waliookoka mwaka jana ni wangapi bado wameokoka. Mchungaji alisema jambo hilo atalipeleka kwenye maombi. Nyumbani kwake, mumewe, Mzee Muthamia, ndiye mkulima pekee wa majani chai ninayemjua ambaye chumvi anayokula ina grafu, na imebandikwa jikoni kila mgeni aione.

Kitu kingine anachokipenda sawasawa na hesabu ni kufuma. Mapema mwaka 2023, kikundi cha akina mama wa kanisa lake kiliamua kuwafumia sweta watoto wote wa mradi upande wa Nkubu. Mtindo ulitoka kwa Madam: uzi maradufu, shingo ndefu ya kukunja, mikono inayopita vidole, na kofia yake juu. Sweta ile ungeiweka mezani bila mtoto ikasimama. Ziligawiwa mwezi wa tano, akina mama wakapigwa picha, na picha ikaingia kwenye kalenda ya mradi.

Mwezi wa saba matokeo yakatoka. Watoto wa Nkubu walikuwa wameongezeka uzito kwa namna ambayo mradi haukuwahi kuona. Wa Kiambere, wanaokunywa uji uleule kutoka stoo ileile, walikuwa wamesogea kidogo tu. Mkurugenzi wetu wa wakati huo, Daktari Kobia, alifurahi akatununulia soda ofisi nzima, kisha akaanza kutafuta mchawi wa Kiambere. Ikasemwa akina mama wa huko hawajui kupika uji. Ikasemwa pia, na hapa ndipo niliposhikwa na hasira, kwamba unga unaliwa na mbuzi. Kamati ikatumwa. Ilishinda juani kutwa nzima ikiwakodolea macho mbuzi wa watu, ikarudi na kuripoti kwamba mbuzi nao wamekonda.

Hata hivyo uamuzi ulikuwa umeshaiva: kuanzia Septemba, unga wa Kiambere uhamishiwe Nkubu, ambako unafanya kazi. Yaani watoto wa Kiambere, ambako mvua ilikuwa imekataa na akina mama wanachoma makaa wauze ili wapate pesa ya mahindi, wangepokonywa kikombe chao cha uji, na mimi ndiye ningepakia magunia hayo. Kilichobaki ni sahihi ya afisa wa takwimu.

Madam alisema hatii sahihi juu ya kitu ambacho hajakiona. Basi tukatoka na lori la stoo, mimi nikiendesha, maana mradi wetu ukikupa kazi moja hukupa na ya pili bure.

Tulianza na Kiambere. Jua lilikuwa kali na watoto walivuliwa kila kitu. Igoki, mhudumu wa afya wa kijiji, alivua hata ushanga wa kiunoni kabla ya kumtia mtoto kwenye ile suruali ya kupimia inayoning'inia chini ya mizani. Madam alitazama uji ukipikwa, akauonja, akaomba kikombe cha pili. Kosa hakuliona.

Kesho yake tulikuwa Nkubu, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka huoni ng'ambo ya barabara. Watoto waliletwa wamefungwa hata ukawa unaona macho tu, wakatiwa kwenye mizani hivyohivyo. Nani angewavua? Nyanya wa Nkubu akisikia mjukuu wake amevuliwa nguo mwezi wa saba, ataita chifu. Ule mkanda wa kupima unene wa mkono nao ulikuwa umeachwa, kwa kuwa mkono wenyewe haukufikika. Madam alifurahi kuona kazi yake imevaliwa. Akamwendea mtoto mmoja akague ufumaji, akaishika sweta. Ilikuwa imelowa ukungu, nzito kama blanketi iliyotoka kwenye beseni. Tabasamu likafutika usoni.

Aliomba mtoto afunikwe leso ya mama yake, na sweta ipimwe peke yake. Akina mama walicheka sana. Mmoja alimuuliza kwa Kimeru kama sasa sweta nazo zitapewa uji. Lakini mshale wa mizani ulikuwa umezunguka. Madam akaongeza kofia, soksi, raba, na kipande cha nduma ya kuchemsha kilichokuwa mfukoni. Ikafika kilo moja na ushei. Kwa mtoto wa kilo tisa, hiyo si nguo, hiyo ni miezi mingi ya kunenepa.

Huyu ni mtu anayeongea kutoka Nkubu hadi Embu bila kumeza mate. Siku hiyo, tulipopita Chuka, alisema jambo moja tu, kwamba mradi mzima umekuwa ukipima sindano zake za kufumia.

Angeweza kunyamaza. Sweta zilikuwa kwenye kalenda, kanisa lilikuwa limeshaagiza uzi wa awamu ya pili, na aliyejua mwingine ni mimi, ambaye maneno yangu hayavuki mlango wa stoo. Jumatatu aliingia kwa mkurugenzi na sweta mkononi, akaiweka juu ya ripoti, akaeleza yote. Daktari Kobia alimjibu kwa ukali kwamba Nkubu mwezi wa saba hakuna wa kumvua mtoto nguo. Na kwa hilo, kusema ukweli, hakukosea. Madam akaomba wiki mbili.

Alichofanya ni kuipeleka mizani jikoni. Jikoni kwa mama wa Nkubu, penye mawe matatu na kuni, ndipo penye joto kuliko kokote, na ndipo mtoto anapoogeshwa. Madam aliining'iniza mizani kwenye boriti, katikati ya mahindi ya mbegu, akawapima watoto uchi mbele ya moto huku nyanya zao wamesimama walinzi. Alitoka kila nyumba ananuka moshi. Kila nyumba pia ilimpa chai, na githeri, na ndizi za kuchemsha, na kukataa si adabu. Katika zoezi zima, mtu wa kwanza kuthibitishwa kuongezeka uzito alikuwa Madam.

Kuna jiko moja ambalo hatukucheka. Ciku, mama kijana anayechuma majani chai kwenye mashamba ya watu, alikuwa na binti wa mwaka mmoja na nusu aitwaye Gatakaa. Katika rekodi zetu Gatakaa alikuwa nyota, miezi mitatu mfululizo akipigiwa makofi. Sweta ilipovuliwa, mbavu zilionekana zote. Mkanda wa mkono ukafika kwenye rangi nyekundu, ile inayosema mtoto huyu si wa kungoja kesho. Madam aliitambua sweta. Alikuwa ameifuma kwa mikono yake mwenyewe.

Alikaa kwenye kigoda akalia, nami nikalia, na sioni haya kuliandika. Ciku alidhani yeye ndiye aliyekosa. Akawa anajieleza kwa sauti ya chini kwamba kila mwezi aliambiwa mtoto anaendelea vizuri, ndiyo maana moyo wake ulipomsumbua aliukanya. Maneno hayo ndiyo yaliyomuumiza Madam kuliko mbavu zenyewe. Tuliondoka saa ileile, Gatakaa akapelekwa hospitalini kwa lori la unga, na alikaa huko mpaka akarudiwa na hamu ya kula.

Ripoti mpya ilianza kwa kusema kwamba kosa la kwanza ni la afisa wa takwimu, kwa kuwa yeye ndiye aliyefuma. Kiambere wakabaki na unga wao, na hesabu ikaonyesha kwamba wao ndio waliokuwa wakiongezeka kweli, polepole na uchi. Huko Nkubu ikagunduliwa kwamba kikombe cha mtoto mmoja kilikuwa kinagawanywa kwa ndugu zake wote, basi tukaongeza unga kwa nyumba zenye watoto wengi. Gatakaa hakuwa peke yake chini ya sufu. Wenzake nao walipatikana, wakatibiwa. Siku hizi msimu wa baridi mizani huenda jikoni, na sweta bado zinafumwa, ila zina vifungo mbele. Mbuzi wa Kiambere hawajaombwa radhi hadi leo, ingawa jambo hilo nimelitaja katika kila mkutano wa wafanyakazi.

Mwezi uliopita Madam alikwenda Nkubu kwa safari yake ya mwisho ya kazi. Ciku aliwasha moto mkubwa kuliko kawaida. Gatakaa, ambaye sasa anakaribia miaka minne, alivuliwa kila kitu, akatiwa kwenye suruali ya kupimia, akaanza kubembea kwa furaha. Suruali ikachanika. Mtoto akaangukia mapajani mwa Madam, akakasirika, akadai arudishwe juu. Ciku alikuwa anaomba msamaha kwa uharibifu huo wa mali ya mradi, lakini Madam hakumsikia, maana alikuwa amemkumbatia yule mtoto na kumpapasa mgongo wote akitafuta mbavu asizione. Kisha akachukua kalamu, na mahali pa kilo akaandika neno moja: ametosha.

Madam, kwa niaba ya stoo, ofisi na kila jiko lililokupa chai, asante sana. Mungu akujalie afya na siku nyingi za furaha wewe na Mzee Muthamia. Nenda ukapumzike. Watoto tutaendelea kuwavua.